Mpishi wa Tongoni na Samaki wa Mlimani

Kule Tongoni, ukoo wa Zubeiri bin Uweso ulikuwa wa wavuvi tangu babu wa mababu, isipokuwa Zubeiri mwenyewe. Ngalawa ikiacha ufuko kidogo tu, tumbo lilimpanda kooni. Baba yake alivumilia aibu hiyo miaka kadhaa, kisha akampeleka mjini, Ngamiani, kwa mjomba wake, aliyekuwa akiwapikia Wazungu. Huko Zubeiri alijifunza kukaanga, kuoka na kunyamaza, na katika hayo matatu, la mwisho ndilo lililomfaa zaidi.

Mwaka 1954 alikuwa mpishi wa Bwana Hodisoni, msimamizi wa shamba la mkonge. Joto la pwani lilipozidi, Bwana alipanda milima ya Usambara kuvua trauti, samaki ambao Wazungu wenzake walikuwa wamewapandikiza katika mito ya baridi. Safari hii alimwambia Zubeiri wafuatane mtoni, maana mtu wa Tongoni hakosi kuwajua samaki. Zubeiri angeweza kusema kweli. Lakini kweli hiyo ingemwacha kwenye nyumba ya mapumziko na memsabu, mke wa Bwana, akisugua sakafu mara ya pili. Akanyamaza, akabeba kapu.

Walifika mtoni umande haujakauka. Bwana alivaa viatu vya mpira vilivyomfika kiunoni, akafungua kijisanduku kilichojaa nzi wa bandia, waliofumwa kwa manyoya ya kuku na nyuzi za rangi. Zubeiri alimuuliza kwa adabu kwa nini asitumie chambo cha nyungunyungu, na ardhi ile ilikuwa imejaa nyungunyungu. Bwana alishtuka kama aliyetajiwa nguruwe msikitini. Akaeleza kuwa nyungunyungu ni mwiko kisheria. Samaki yafaa adanganywe kwa haki. Zubeiri aliyatafakari maneno hayo mpaka jua likapanda, asione haki ilikuwa upande upi.

Bwana alirusha mshipi, akauvuta, akaurusha tena. Karibu na adhuhuri alipata samaki mmoja. Zubeiri alikuwa ameshamwaza kwenye tui zito la nazi, na ndimu pembeni, Bwana alipompima kwa kijiti, akaona amepungukiwa inchi moja kufikia kipimo cha sheria, akamrudisha majini taratibu, kama mtu amlazaye mtoto. Zubeiri aligeuza uso.

"Wewe mtu wa Tongoni," Bwana alisema, uvumilivu umemwishia, "samaki wako wapi?"

Zubeiri alitazama huku na huku, akaona kivuli kizuri chini ya mti ng'ambo ya jabali, na nyasi kavu za kukalia. Akaelekeza huko.

Bwana alirusha nzi wake majini, penye kivuli hicho, na mara ufito wa kuvulia ukapinda. Akapiga hatua, akakanyaga jiwe lenye utelezi, akaenda chini miguu juu. Viatu vikajaa maji. Alichoweza ni kuusukuma ufito mikononi mwa Zubeiri na kumwambia ashike. Zubeiri hakujua kuzungusha gurudumu la mshipi. Aliutia ufito begani, akaupa mto mgongo, akapanda kilimani kama mtu aburutaye mbuzi mbishi. Alipogeuka, trauti mkubwa kama mkono wa mtu mzima alikuwa akirukaruka nyasini.

Hapo ndipo alipotokea Luka, Msambaa aliyeajiriwa kuulinda mto. Akaomba leseni, Bwana akaitoa ikichuruzika maji. Luka akaisoma yote, akakumbusha kuwa avuaye bila leseni hushtakiwa, hata awe nani. Kisha akamtazama samaki, na Zubeiri mwenye ufito begani.

"Huyu kavuliwa na nani?"

Bwana Hodisoni, ambaye inchi moja ilikuwa imemnyima kitoweo, alimpima samaki kwa macho.

"Na mimi," akasema.

Luka akamgeukia Zubeiri. "Ni kweli, mzee?"

"Mimi mpishi tu," alijibu Zubeiri. "Mimi na samaki hukutana jikoni."

Luka alitazama alama za mburuzo zilizopanda kilima chote, akakunja karatasi, akairudisha.

Jioni Bwana hakutaka kumwona samaki yule. Alisema hana njaa, Zubeiri afanye atakavyo. Zubeiri alikuna nazi moja kati ya mbili alizotoka nazo pwani, akampika alivyomwaza, akamwita Luka jikoni. Luka alikuwa amewalinda samaki wale miaka mitatu bila kuonja hata mmoja. Alikula polepole, akasema utamu wake ni kama wa kuku. Zubeiri alimwongezea mchuzi. Moyoni aliona samaki yule ni chapwa, kwa kuwa alikulia maji yasiyo na chumvi. Lakini mgeni alikuwa akila kwa raha, na si adabu kumharibia mtu chakula chake.