Kibla cha Angani

Mwaka wangu wa kwanza Kampala nilipanga chumba Kasubi, uani kwa mama mmoja mjane wa Kiislamu ambaye wazee wake walikuja zamani kutoka pwani kufanya biashara, wakabaki. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka Nakuru kuja kuuza misumari na rangi katika duka la Mkenya mwenzangu. Sokoni Kiswahili changu kiliwatia watu wasiwasi. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini lugha ile waliisikia bado kama ya askari waliowasumbua kwenye vizuizi vya barabarani. Muuza nyanya alinijibu kwa Kiganda huku akitazama pembeni. Kwa yule mama tu ndiko nilikoongea nikajisahau.

Alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi. Jumamosi duka letu lilifungwa mapema, na mchana huo kulikuwa na tamthilia ya Kiingereza kuhusu watu wanaosafiri kwa chombo kati ya nyota. Mama hakujua Kiingereza. Nilikaa mkekani nikimtafsiria, naye akimenya matoke bila kuangalia kisu.

Siku moja chombo kile kilipotea. Mitambo ya kuonyesha njia ilizimika, na nahodha akasimama dirishani, nyota kila upande.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema hajui nyumbani ni wapi."

Mama akaacha kumenya. "Sasa mtu akitaka kuswali humo, ataelekea wapi?"

Mimi ni Mkristo. Wakati huohuo mwanawe mkubwa akaingia. Alikuwa maalim wa madrasa ya jirani, mtu mpole asiyependa televisheni. Kila akija aliizima kwanza, ndipo akasalimia. Safari hii alikuwa ameshashika kitufe mama alipomzuia.

"Usizime. Hawa wamepotea. Kibla chao kiko wapi?"

"Mama, hao ni waigizaji."

"Nimekuuliza wewe maalim, sikuwauliza wao."

Maalim akasimama pale, mkono kwenye kitufe, akafikiri kweli. "Kama wanaiona dunia, wataielekea," akasema. "Kama hawaioni, watajitahidi kukisia, kisha wataswali. Aliyejitahidi halaumiwi."

"Kale," mama akasema, akikubali kwa Kiganda. "Basi kaa tuone kama huyu nahodha anajua kukisia."

Maalim akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa. Nikaendelea kutafsiri. Nahodha aliwaita wenzake, kila mmoja akanyoosha kidole kwenye nyota yake. Binti mmoja mpishi alionyesha nyota hafifu upande wa kushoto, wakamcheka.

"Wamsikilize huyo binti!" maalim akasema kwa sauti, halafu akatutazama kwa haya. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Nami nilicheka, na nikagundua kwamba tangu nivuke mpaka sikuwa nimewahi kucheka namna ile.

Nahodha alikuwa bado anasitasita adhana ya alasiri iliposikika. Maalim akainuka na kuvaa kofia yake. Alipofika mlangoni akageuka, akaniambia, "Dada, utanisimulia."

Alirudi baada ya swala, mikono ya kanzu bado imelowa maji ya udhu. Hata kiti hakukisogelea.

"Walifika?"

"Bado," nikamwambia. "Wamemfuata mpishi, lakini kipindi kimekatwa hapo. Mpaka Jumamosi ijayo."

"Wiki nzima!" akasema, akamgeukia mama kana kwamba ndiye aliyekikata.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema, akisema ameleta sukari. Tangu hapo hakukosa. Mimi nilitafsiri, mama akauliza, yeye akajibu yale ya dini na kubishana na nahodha. Wakati mwingine nilikosa neno, kwa maana Kiingereza changu nacho kilikuwa cha dukani, basi tukakubaliana sisi watatu juu ya kile ambacho bila shaka mtu yule alikuwa anakisema.

Baada ya miezi kadhaa kituo kiliondoa tamthilia ile kabla chombo hakijafika nyumbani, kikaweka mieleka. Mama alitazama wanaume wawili wakibwagana, akaniomba nizime. Maalim alikuwa ameshafika na sukari yake. Alivuta kibao, akachukua kisu cha pili, wakaanza kumenya matoke pamoja. Mama akaniuliza habari za Nakuru: kama kuna baridi, kama mama yangu yu hai, anapika nini. Nikawaeleza mpaka chakula kikaiva.