Kopo la Gundi ya Kwanza

Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mwanamke mmoja hupita katikati ya karakana akigonga pembe za milango kwa kidole kilichokunjwa, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Hugonga, husikiliza, husonga mbele. Wenzake humwita Sumaku. Wanasema ni kwa sababu kila kitu humgandia: gundi kwenye kilemba, gundi kwenye viatu, na ubishi.

Yeye haoni haya kujisifu. "Mimi nikisema mlango umeshika, umeshika," husema. "Lete tembo wawili wauvute."

Mwaka jana majigambo hayo yalikaribia kumtokea puani.

Sumaku alisomea ufundi wa chuma chuoni, akafanya kazi ya kuchomelea mabodi ya mabasi, kisha mjomba wake akamwita kwenye karakana hii inayotengeneza milango ya kuzuia moto. Mjomba aliijua njia moja tu: mabati mawili ya chuma, pamba ya mawe isiyoshika moto katikati, skrubu pande zote. Mpwa wake alimwambia kwamba skrubu zinapitisha joto na bati halitulii. Alimbembeleza mwaka mzima wahamie kwenye gundi ya polyurethane, ile ya sehemu mbili. Resini hukaa kwenye pipa moja na dawa ya kuikaza kwenye pipa la pili. Pampu huvuta vyote viwili kwa kipimo, vikachanganyika ndani ya mdomo mrefu wa plastiki, na kinachotoka hapo huanza kukaza. Dawa ikipungua, gundi hubaki laini hata ukiisubiri hadi kiama.

Mjomba alikubali, kwa sharti kwamba gundi isipotee bure. Huyu ni mtu anayeokota misumari iliyopinda na kuinyoosha kwa nyundo. Karakana nzima inamwita Hakitupwi, ingawa hakuna anayethubutu kulitaja jina hilo akiwa karibu. Kando ya kila pampu aliweka kopo la taka, na kila Jumamosi alipita akichungulia makopo. Kundi lililokuwa na kopo tupu lilipewa soda na kusifiwa mbele ya watu. Kopo la meza ya Sumaku lilikuwa tupu kila Jumamosi.

Kisha ikaja kazi ya hospitali: milango ya wodi zote. Mlango wa mfano ulipelekwa kwenye tanuri la majaribio, ukashindwa mapema. Bati lilibanduka pembeni, juu kwenye bawaba, likajikunja kama ukurasa wa kitabu, na moto ukapita. Hospitali ilitoa nafasi moja zaidi.

"Tukianguka tena, pampu naiuza," Mjomba alisema. "Tunarudi kwenye skrubu, na wewe unarudi kwenye kuchomelea."

Meza ya gundi ilikuwa ya Sumaku. Aliipigania, akaipanga, akafundisha kila mtu anayefanya kazi juu yake. Sasa maisha ya meza hiyo yalining'inia kwenye mlango mmoja.

Alianza kutafuta. Alibadilisha mapipa. Alifuta mabati kwa spiriti mpaka yakang'aa. Aliianika pamba ya mawe, akaweka hita karibu na meza, akafunga madirisha yote. Bado aliipasua milango na kukuta jambo lile lile: gundi ngumu kama jiwe karibu kila mahali, ila pembe moja laini kama jojo iliyotafunwa. Si milango yote. Ilikuwa ile ya kwanza asubuhi, na ile ya kwanza baada ya chai.

"Gundi yako ina uvivu wa baada ya chai, Sumaku," mchomeleaji alimtania.

"Afadhali yangu. Wewe uvivu wako hauna hata ratiba."

Waliouza gundi walimtuma mkemia wao, kijana mpole mwenye miwani na sanduku la vikombe. Alikagua mapipa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akashika mdomo wa pampu, akabonyeza, akamwaga ute wa mwanzo kwenye kopo la taka bila hata kuuangalia, ndipo akakinga kikombe.

Nyuma yake mtu aliguna. "Mh! Anamwaga!"

"Hakitupwi akimwona atamkata mshahara."

"Si mwajiriwa wake huyo."

"Atamwajiri kwanza, ndipo amkate."

Watu walicheka. Sumaku hakucheka. Alikuwa anaangalia kopo.

"Samahani, kaka," alisema. "Hiyo ya kwanza umeimwaga ya nini?"

"Ile?" Mkemia alishangaa kuulizwa. "Pampu ikipumzika, vali ya resini huwahi kufunguka kuliko ya dawa. Kinachotoka mwanzoni hakina kipimo. Kila mtu anaimwaga." Akalitazama kopo lililokuwa safi kama bakuli la wageni. "Si huwa mnaimwaga?"

Mtu mmoja alikohoa. Vikombe vyote vya mkemia vilikaza vizuri, kama ilivyotarajiwa: pampu haikuwa na kosa lolote, mradi uisubiri kidogo.

Sumaku alirudi kwenye meza, akasimama pale anaposimama mtu wa kupaka gundi. Mpira wa pampu huning'inia upande wa kushoto, na mkono huanzia hapo hapo, kwenye pembe ya juu ya bawaba. Pembe iliyobanduka tanurini. Gundi ya kwanza, ile isiyo na dawa, ilikuwa imeogopwa kutupwa, ikatupwa ndani ya mlango.

Kilichobaki ni kumwambia mwenye soda. Sumaku alimpigia simu mama yake, ambaye ni dada mkubwa wa Mjomba.

"Mwambie," mama alisema, "ila usimvunjie heshima mbele ya wafanyakazi. Na usimpe nafasi ya kubisha. Namjua huyo tangu ana meno ya utoto."

Basi alitumia vipande vya bati. Viwili alivibandika kwa gundi ya kwanza kutoka mdomoni mwa pampu, viwili kwa ile iliyofuata. Kesho yake akaviweka juu ya meza ya Mjomba, akafunga mlango wa ofisi.

"Vuta, Mjomba."

Jozi ya kwanza iliachana mikononi mwake, ikiacha nyuzi nyuzi. Ya pili ilimshinda. Alijaribu kwa koleo, kisha akaibana chini ya mguu wa meza na kuivuta mpaka kola ikaloa jasho.

"Hii umetia nini?"

"Gundi ile ile, pampu ile ile. Hiyo uliyoiachanisha ndiyo ingeingia kwenye kopo."

Mjomba aliviringisha uzi wa gundi kati ya vidole. "Kwa hiyo zile soda nilikuwa nawanunulia za nini?"

"Za kuharibu milango, Mjomba."

Mjomba akaangua kicheko. "Mama yako ni hivi hivi. Akikwambia ukweli, unatafuta kiti."

Siku ya jaribio la pili Mjomba alivaa koti. Mlango ulifungwa kwenye uso wa tanuri, moto ukawashwa nyuma yake, na watu wakabaki kusikiliza ngurumo. Bati lilibadilika rangi. Moshi mwembamba ulitoka kwenye kingo, ukakatika. Macho ya Sumaku hayakuondoka kwenye pembe ya juu ya bawaba. Haikusogea.

Muda uliotakiwa ulifika, ukapita. Fundi wa tanuri aligeuka. "Mmefaulu. Nizime?"

"Acha uwake," Sumaku alisema. "Tuone nani atachoka kwanza."

Mwishowe moto ulizimwa na watu. Mlango ulikuwa bado umesimama. Ulipopoa, Sumaku aliuendea kwa upande ambao haukupigwa na miali, akakunja kidole, akagonga pembe ile. Ilijibu kwa sauti nzito, ya kitu kilichojaa.

"Wako wapi tembo?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Wawili hawatoshi," alijibu Mjomba, aliyekuwa amekwisha kuvua koti na kulipeperusha juu kama bendera.

Milango ya hospitali sasa inatoka karakanani kila wiki, na meza ya gundi imepata pampu ya pili. Kila Jumamosi Mjomba bado anachungulia makopo.

"Hili tupu ni la nani?" hunguruma, na wenye kopo huangalia viatu vyao.

Jumamosi moja alifika kwenye kopo la Sumaku, lililokuwa limejaa nusu. Alichovya kidole, akakiinua. Kilitoka na uzi mrefu, laini, usioisha.

"Tazameni," alisema, akikiinua juu kila mtu aone. "Huu ulikuwa uende wodini." Kisha, kidole kikiwa bado kimegandiwa, akaagiza soda kwa mkono mwingine.