Goti la Kipkemoi

Siku tuliyomzika mume wangu, Micah Kipkemoi, mvua ilinyesha tangu alfajiri, na waliobeba jeneza walikuwa wakiteleza kwenye mteremko wa shamba letu. Mmoja wao alisema kwa sauti ya chini kwamba Kipkemoi angekuwa hai angewacheka. Ni kweli. Alikuwa mtu wa kucheka na matope, kwa sababu maisha yake ya kazi yalikuwa matope na viazi.

Aliponioa nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Yeye alikuwa mpakiaji katika ghala la viazi hapa Molo, ghala la Mlima Baridi. Malori yalifika yakiwa matupu na kuondoka yakiwa yamejaa, na katikati ya hayo mawili kulikuwa na migongo ya watu. Alibeba gunia la mukurino, lile linalojazwa kupita mdomo na kushonewa wavu juu mpaka linafanana na mtu aliyefunga kilemba. Alilibeba huku akiimba tenzi. Wenzake walimwambia, "Kipkemoi, nyamaza, utaishiwa pumzi." Yeye aliwajibu kwamba akinyamaza ndipo gunia linakuwa zito.

Gunia la namna hiyo ndilo lililomwangukia. Lori lilikuwa limepakiwa siku ya mvua, gunia la juu likateleza, likambana goti kwenye mlango wa nyuma wa lori. Kampuni haikukana. Afisa wa kazi aliandika kwamba mtu ameumia kazini, goti likafidiwa, faili ikafungwa. Kipkemoi akarudi ghalani kuchambua viazi akiwa ameketi, na mkongojo wa chuma chepesi ukiegemea ukuta nyuma yake.

Goti halikupoa. Baridi ya Molo ilimwingia kwenye mifupa, asubuhi akawa hawezi kuvaa kiatu bila kukaza meno. Akaanza kumeza dawa za maumivu. Mwanzoni alimeza za hospitali. Zilipoisha alinunua za dukani, zile za rangi ya machungwa na zile nyeupe, akazimeza kama mtu anayekula njugu.

Kanisa letu liko juu kidogo ya soko. Ni kanisa la watu wanaoombea wagonjwa. Na kwetu kuna desturi ambayo mtu wa nje huenda asiielewe. Ukiombewa, hungoji upone ndipo ushuhudie. Unasimama, unasema umepona, unamshukuru Mungu kabla hujaona kitu, kwa maana hiyo ndiyo imani. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama nikashukuru kwa mvua wakati jua lilikuwa linatuchoma.

Basi Jumapili moja Mchungaji Mathenge alimwombea Kipkemoi. Watu walilia. Kipkemoi alisimama bila mkongojo, akasema, "Bwana asifiwe. Goti langu limepona. Leo naacha dawa." Mchungaji akauchukua mkongojo, akautundika kwenye msumari ukutani, nyuma ya mimbari, na ukakaa hapo kila Jumapili mbele ya macho yetu.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, alishika bega langu kwa uzito wake wote.

"Mama Abby," akaniambia, "naona mkongojo umeokoka kabla yangu."

Nilicheka, kisha nikaona machozi yake.

Hakuthubutu tena kuingia duka la dawa. Duka lenyewe liko mkabala na mlango wa kanisa, na mtu aliyeshuhudia hawezi kuonekana pale akinunua dawa za kitu kilichopona. Aliyemsaidia ni Jepleting, mama wa kikundi cha maombi, mjane wa makamo ambaye hakuna mtu angemuuliza anatafuta nini dukani. Alimnunulia, akazileta kwetu chini ya sukuma wiki katika kikapu. Hata mimi naye hatukuwahi kulizungumza waziwazi. Aliweka kikapu mezani, akanywa chai, akaenda zake.

Baadaye miguu ya Kipkemoi ikaanza kuvimba. Uso nao ukavimba. Tulipomfikisha hospitali Nakuru, daktari alisema figo zimechoka kabisa, itabidi damu iwe inasafishwa kwa mashine. Kipkemoi akatazama dari.

"Hata figo zimegoma," akasema. "Na sijui chama chao kiko wapi nikazungumze nao."

Daktari alimuuliza kama kuna dawa yoyote ambayo amekuwa akimeza. Wakati huo Mchungaji na wazee wawili wa kanisa walikuwa wamesimama kando ya kitanda, wamekuja kumwombea. Kipkemoi akawatazama, akamtazama daktari.

"Hapana," akasema. "Situmii."

Daktari akaandika hivyo. Siku iliyofuata, tukiwa peke yetu, nilimweleza daktari ukweli, akatikisa kichwa na kusema sasa anaelewa. Lakini lile la kwanza lilikuwa limeshaandikwa.

Kipkemoi alipigana na mashine ile mpaka mwili ukakataa. Alifariki akiwa ameshika mkono wangu na wa Abby, binti yetu.

Jambo moja aliniachia. Wiki zake za mwisho aliniambia, "Watu wanasema nilikuwa nakunywa pombe kwa siri. Wanasema figo haziharibiki bure. Mama Abby, usikubali Abby alelewe na hadithi hiyo." Ni kweli watu walisema hivyo. Ghalani walisema. Nakumbuka hata kwenye matanga mtu alisema nikiwa namsikia.

Ndiyo maana nilirudi kwa afisa wa kazi, nikaomba kifo cha mume wangu kiunganishwe na jeraha lake. Afisa alikataa. Alisema figo ni ugonjwa wa kawaida, na ghala halihusiki. Nikatafuta wakili Nakuru, mama kijana aitwaye Wamuyu, tukakata rufaa katika korti ya mambo ya kazi.

Wamuyu alinieleza taratibu, kwa sababu aliona kichwa changu kimechoka. "Mama Abby, ugonjwa uliozaliwa na jeraha unathibitishwa kama mnyororo. Gunia liliumiza goti. Goti lilileta maumivu. Maumivu yalileta dawa. Dawa ziliua figo. Daktari wa figo atatushikia pete ya mwisho. Pete ya kwanza kampuni yenyewe imeikubali. Shida iko katikati."

"Katikati kuna nini?"

"Kuna ushuhuda wa kanisani."

Kabiru, msimamizi wa ghala, alikuwa muumini wa kanisa letu. Alikuwa ameandika taarifa kwamba alimsikia Kipkemoi kwa masikio yake akisema goti limepona na dawa ameacha. Na hospitali yenyewe iliandika kwamba hatumii dawa. Kama goti lilipona na dawa ziliachwa, basi figo ziliharibiwa na kitu kingine.

Nilikutana na Kabiru sokoni. Hakunikwepa.

"Mama Abby, mimi niliulizwa nikajibu. Ungetaka nidanganye? Alisema hayo au hakusema?"

"Alisema."

"Basi."

"Wewe uliamini?"

Akahamisha kikapu mkono huu hadi ule. "Niliitikia amina kama wewe," akasema.

Mimi kama mjane nisingetosha kuwa shahidi. Wamuyu alisema korti ingehisi najitetea mwenyewe. Mwenye duka la dawa alikataa katakata kuja, maana aliuza bila cheti cha daktari. Alibaki Jepleting.

Nilimwendea jioni, akiwa anakamua ng'ombe. Hakuacha kukamua.

"Unajua unachoniomba, Linah?" akasema. "Unaniomba niende mbele ya watu wa serikali niseme Mungu hakumponya. Mkongojo uko ukutani. Watu wameokoka kwa sababu ya ule mkongojo."

"Sikuombi useme juu ya Mungu. Sema juu ya kikapu."

Maziwa yakaendelea kuingia ndooni.

"Na nikikosa kwenda?"

"Abby atakua akijua baba yake aliuawa na pombe."

Niliondoka nikiwa sijui kama atakuja. Nilitembea nikiomba, lakini nilikuwa nimechoka mno kuomba kwa maneno. Nilisema tu, Bwana, unaona, Bwana, unaona.

Baadaye nilisikia kwamba alikwenda kwa Mchungaji kuomba ushauri, na Mchungaji alimwambia, "Sitakutuma, na sitakuzuia." Sikuelewa kama hilo lilikuwa jibu.

Siku ya kusikilizwa tulisafiri hadi Nakuru, mimi na Abby. Tulisubiri kwenye benchi la nje mpaka miguu ikafa ganzi. Karani alikuwa ameshaita jina letu nilipomwona Jepleting akija, leso yake ya kikundi cha maombi kichwani, akihema kwa sababu ya ngazi.

"Usiniangalie hivyo," akaniambia. "Sijazoea ngazi."

Daktari wa figo alitangulia. Alisema figo zilionyesha dalili za dawa za maumivu zilizotumika kwa muda mrefu, na kwamba hakuona dalili ya madhara ya pombe. Kisha Jepleting akaapishwa. Alieleza rangi ya dawa, alieleza kikapu, alieleza sukuma wiki. Wakili wa kampuni akasimama.

"Mama, wewe ni kiongozi wa maombi?"

"Ndiyo."

"Ulikuwepo Kipkemoi aliposema amepona?"

"Nilikuwepo. Nilipiga vigelegele."

"Kwa hiyo uliamini amepona."

"Niliamini. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu nilimwona akipanda kilima cha kwao akijivuta kwa kushika ua wa watu. Miiba ilimkata viganja. Nikaenda nikamnunulia dawa."

"Sasa tuseme alidanganya kanisa?"

Jepleting alirekebisha leso yake. Nilishika mkono wa Abby.

"Hapana," akasema. "Kwetu mtu anashukuru kwanza. Alishukuru, akangoja, haikuja. Aliona aibu kurudi kusema haijaja. Na sisi hatukumuuliza. Mimi niliyeona viganja vyake nilileta dawa kwa kificho, nikaendelea kuimba mbele ya ule mkongojo."

Jaji alimuuliza kwa upole kwa nini Kipkemoi hakujinunulia mwenyewe.

"Duka linatazamana na kanisa, mheshimiwa."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Nilipogeuka nilimwona Mchungaji Mathenge ameketi benchi la nyuma, kofia mapajani. Sikujua alikuwa ameingia lini.

Hukumu ilikuja baadaye, baada ya kuahirishwa na kuahirishwa tena. Jaji alisema maneno ya kanisani yalikuwa maneno ya imani, si taarifa ya daktari. Kwamba jibu lililotolewa hospitalini mbele ya wazee wa kanisa lilieleweka. Kwamba goti halikupona, na kwamba pombe haikuhusika. Akasema kifo cha Micah Kipkemoi kilitokana na jeraha alilopata kazini. Wamuyu alinikumbatia. Mimi niliomba tu Wamuyu anisomee tena ile sehemu ya pombe, Abby aisikie vizuri. Akaisoma. Abby akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama sasa tunaweza kwenda nyumbani.

Sikuwa na furaha. Ilikuwa kama kutua gunia ambalo mgongo umeshalizoea.

Jumapili iliyofuata Mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda. Watu walikuwa wamesikia tumeshinda. Walishaanza kupiga makofi kabla sijafika. Kabiru alikuwa ameketi karibu na dirisha. Nilisimama chini ya ule mkongojo.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Goti la mume wangu halikupona. Liliuma mpaka siku alipokufa. Alimpenda Mungu likiwa linauma. Ni hayo tu."

Nilisikia mvua juu ya mabati. Kisha Jepleting akasema amina, peke yake, na baada yake wachache wengine. Mchungaji akanyoosha mkono, akautoa mkongojo kwenye msumari, akanipa. Ulikuwa na vumbi.

Nilitoka nao nje nikiwa sijui nitaufanyia nini. Mzee Njuguna alikuwa amesimama mlangoni akishikilia mwimo. Ni mzee wa kanisa, mmoja wa wale wawili waliosimama kando ya kitanda cha Kipkemoi. Huwa anaingia mapema kuliko wote, na nilidhani ni kwa bidii. Alingoja watu wapite.

"Mama Abby," akasema kwa sauti ya chini, "huo mkongojo mnauhitaji?"

"Hapana, mzee."

"Nyonga yangu," akasema, na hakuendelea.

Alikuwa mfupi kuliko Kipkemoi. Abby alichuchumaa kwenye matope, akabonyeza kitufe cha kurekebisha urefu, tukaushusha mpaka ukamfikia.