Ukinunua Tena Mboga

Sadallah alipoacha kazi ya kupaka rangi nyumba za watu, kwa sababu ya kifua, alitangaza kwamba sasa atalima. Wengine wangeanza kimyakimya, waone kwanza kama mbegu itaota. Yeye alikwenda kusimama mbele ya genge la Jovina, mtaani kwao Gongo la Mboto, wanawake wamejaa wanachagua nyanya, akajipiga kifua.

"Jovina, niangalie vizuri. Mie hapa hunioni tena, na mke wangu humuoni. Kuanzia sasa nakula mboga zangu mwenyewe."

Jovina, mama wa Kimwera asiyeishiwa na kicheko, alizidi kupanga vitunguu vyake. "Sawa, mzee wangu. Zikikushinda, njia unaijua."

Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa choo na uzio wa jirani, akapiga matuta manne. Mchicha, bamia, matembele. Alimwagilia kwa ndoo zake za zamani za rangi, na tusimnyime haki yake, mwanzo mboga zilipendeza. Kila mgeni aliyefika, hata aliyekuja kutoa habari ya msiba, alizungushwa kwanza nyuma akaone mchicha.

Kisha wakaja viwavi. Sadallah aliamka akakuta majani yamebaki matundu na mishipa. Akatwanga mwarobaini, akamwaga majivu, akachanganya pilipili na sabuni akanyunyiza mpaka akawa anapiga chafya yeye. Viwavi wakaendelea kula. Walipomaliza mchicha wakaja inzi weupe kwenye bamia. Ukigusa jani wanaruka wote, ukigeuza mgongo wamerudi wote. Mtu mzima alisimama bustanini anawatukana wadudu, na jirani anamsikia.

Siku moja aliingia ndani kutoka kwenye vita hiyo, macho yanamuwasha kwa pilipili, akamkuta mkewe Chausiku kakaa kwenye mkeka anachambua mchicha. Majani mapana, mabichi, hayana hata tundu moja.

"Huo umetoka wapi?"

Chausiku angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Kwa Jovina. Wa kwako haujai hata kiganja, Baba Raudha. Huwa nauchanganya na wa kununua, ili upate kushiba."

Huwa! Kwa hiyo halikuwa jambo la siku hiyo tu. Sadallah alikumbuka jinsi alivyokuwa anakula na kusifia, anamwambia mkewe, unaona ladha ya mboga ya nyumbani ilivyo? Alikuwa anausifia mchicha wa Jovina. Na Jovina bila shaka alijua, na wanawake wote wa pale gengeni walijua. Aibu ilimpanda hadi utosini, ikatokea mdomoni.

"Sasa sikia, Chausiku. Siku ukinunua tena mboga, jua nimekuacha."

Chausiku aliweka sinia chini. "Umesemaje?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angesema astaghfirullah, akanywa maji, akatoka nje. Sadallah alirudia, neno kwa neno.

Kuanzia siku ile ndoa yake ikawa imepandwa kwenye yale matuta manne. Naye alijua, maana hasira zilipoisha alishikwa na hofu. Akapanda upya, na kwa muda wakawa wanakula matembele yaliyosalia. Alfajiri akitoka msikitini alipitiliza bustanini, akaokota viwavi mmoja mmoja kwa mkono na kuwaponda kwa kandambili. Mchicha ukaanza kurudi. Alikuwa karibu kupumua.

Mvua ikanyesha. Ilikuwa vuli, na vuli yetu tunaijua, inanyesha na kuondoka. Hii haikuondoka. Maji ya mtaa mzima yaliamua njia yao ni nyuma ya nyumba ya Sadallah. Alichimba mfereji, mfereji ukabomoka. Akapanga mawe, mawe yakazama. Mvua ilipopumzika, tuta moja lilikuwa limehamia kwa jirani, na matatu yaliyobaki yalikuwa tope lenye mizizi inayonuka. Konokono walikuja kumalizia matembele. Sadallah alirusha jembe ukutani, mpini ukavunjika, akakosa hata jembe.

Jioni ile Chausiku aliandaa chakula. Ugali, na kichuguu kidogo cha chumvi pembeni.

"Mboga iko wapi?" Sadallah akauliza.

"Bustanini kwako."

Kesho yake, ugali na chumvi. Keshokutwa wali mtupu. Sadallah uvumilivu ukamwisha.

"Mama Raudha, acha mambo yako. Si uende ukachukue hata dagaa?"

"Dagaa ni nini?"

"Dagaa ni dagaa!"

"Kabla hujatoa neno lako lile uliingia hapa ukaniuliza, leo mboga nini? Nikakujibu, perege. Ulisema perege siyo mboga? Nikipika maharage unauliza mboga nini. Nikipika nyama, mboga nini. Basi mie niende nikanunue dagaa, halafu nije niambiwe huko nje kwamba nimeachika?"

"Nilimaanisha majani! Mchicha!"

"Ulisema mboga. Mara mbili ulisema."

 Lugha aliyozaliwa nayo Sadallah ilikuwa imemkamata shati. Chausiku naye hakucheka, na kama angecheka ingekuwa nafuu.

"Nimekuzalia, nimekuuguza kifua, nimemwosha maiti mama yako kwa mikono hii," alisema taratibu. "Halafu ukanitundika kwenye fungu la mchicha. Na mie nakula chumvi nibaki kwenye ndoa yangu. Wewe unakula chumvi kwa nini, sijui."

Maneno yale yalimuuma Sadallah kuliko pilipili. Akavaa kanzu, akaenda kwa Maalim Talha aliyekuwa akidarsisha msikitini kwao, akamweleza yote, akitumaini ataambiwa kwamba hasira hazihesabiki.

"Ulikuwa na hasira," Maalim alisema. "Wewe umeshaona mtu anamwacha mkewe huku anacheka?"

Maalim akamsogelea.

"Ulisema 'ukinunua', au ulisema 'mboga ikinunuliwa'?"

"Nilisema ukinunua, Maalim."

"Basi aliyefungwa ni yeye. Wewe nani kakufunga? Miguu unayo, na kikapu kipo nyumbani. Mboga nunua wewe, na mke wako usimtume hata ndimu."

"Mpaka lini, Maalim?"

"Neno lako uliliwekea mwisho?"

Hakuliwekea mwisho. Alitoka msikitini, akaenda kuchukua kikapu cha mkewe, kile cha ukindu chenye mkono uliofungwa kitambaa, akashika njia ya gengeni. Wanawake walipomwona walibana kicheko wote. Jovina akajifuta mikono.

"Shikamoo, mzee wangu. Leo mboga nini?"

"Mchicha," Sadallah alijibu, akitazama chini. "Na dagaa."

Siku zikapita, na kila siku kikapu kilikuwa begani kwake. Chausiku alikipokea, akachungulia, akasema tu nyanya hizi zimelainika, au bamia hizi zimekomaa, umepigwa. Sadallah alinung'unika njia nzima. Alinung'unikia viwavi, akanung'unikia vuli, hata mfereji wa manispaa ambao haujachimbwa. Alijiona yeye ndiye mwenye adhabu.

Mpaka siku ile alipokuwa gengeni anachagua bilinganya, akamwona Chausiku upande wa pili wa barabara, anatoka kumjulia hali mgonjwa. Njia ya mkato ya kurudi nyumbani inapita palepale kwa Jovina, na kwa miaka yote Chausiku alipita hapo, akishika hiki, akibonyeza kile, akibishana bei, akicheka na Jovina. Ilikuwa starehe yake. Sasa alikuwa anazunguka kwa mbali, kwenye tope.

"Mama Raudha!" Jovina alimwita. "Nyie ndo' mmetutupa? Njoo hata unisalimie!"

Chausiku aliitikia kwa kichwa tu, hakusogea. Mikono yote miwili alikuwa ameificha ndani ya khanga, ameishikilia huko kwa nguvu, isije ikasahau ikashika kitu.

Bilinganya ilimdondoka Sadallah. Hakuiokota. Alisimama na kikapu chake mbele ya wanawake wote wale, akamtazama mkewe akipita, na kwa mara ya kwanza tangu viwavi waje hakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.