Kuku Waliodhoofika wa Shangazi

Shangazi yangu wa Madale alikuwa na kuku sitini wa mayai. Tangu afiwe na mumewe, hao ndio waliomtoa kitandani asubuhi. Mimi nafanya kazi maabara ya mifugo, kwa hiyo kuku akiharisha ananipigia simu kabla hajanywa chai.

Kwenye joto la Januari, wiki ile maji yalipokatika, saba walilegea. Nilipima kinyesi, nikamtuliza: bakteria wa kawaida, huishi matumboni mwa kuku wazima bila neno. Wazima hawana shida, nikasema.

Majirani walimtania awahi kisu kabla hawajawa mizoga, wapate mchuzi. Hakutaka. Wagonjwa aliwaweka kwenye tenga ndani ya banda lilelile, wasijione wametengwa, akawanywesha uji kwa kijiko. Mmoja akifa, aliingiza mwingine aliyelegea.

Nieleze taratibu, maana hapa ndipo nilipokosea. Mwili wenye nguvu humbana bakteria asizaliane ovyo. Mwili uliochoka humwachia, naye huzaliana mno. Katika wingi huo hutokea wachache waliobadilika, wepesi zaidi wa kuzaliana na kudhuru, na mara nyingine hao ndio hutawala. Wakihamia kwa mgonjwa wa pili, hawaanzi upya, wanaendelea walipofikia.

Wiki ya nne wakaanza kufa wazima, kumi na mmoja kwa siku moja. Nilikwenda nikapasua watatu juu ya gunia. Maini yalikuwa yamefunikwa utando mweupe. Nikamweleza yote, pamoja na kosa langu.

"Kwa hiyo nilikuwa namuuguza kuku, namlea mdudu," akasema.

"Mimi ndiye niliyekwambia hawana shida, shangazi."

"Uliniambia. Na mie nilitaka kusikia hivyohivyo, mwanangu."

Ishirini na wawili walikuwa hawajaonyesha dalili. Tuliwahamishia banda la jirani lililokuwa tupu. Wagonjwa aliomba wachinjwe kwa bismillahi. Nikakataa, damu isisambae. Tukawavunja shingo nyuma ya choo, yeye akiwashika miguu, tukawafukia na chokaa.

Siku ya tatu alipiga simu: wanne wamezubaa, ameshawatoa, ameosha vyombo kwa dawa, na anaingia kwa wazima kwanza ndipo aende kwa wagonjwa. Nikamwambia anafanya sawasawa, aendelee hivyohivyo.

Alikuwa anafanya sawasawa. Hadi mwisho wa mwezi walikuwa wamebaki sita.