Mbwa Aliyesubiri Ruhusa

Mwaka 1991 tuliishi mtaa wa Gitega, baba na mimi, katika vyumba viwili vyenye ua mdogo. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Baba alikuwa mchukuzi katika soko la Nyabugogo. Kutwa alibeba maharage, na jioni alirudi na gunia tupu begani, lile alilojikingia mzigo.

Akifika uani alijifunika gunia hilo kichwani na kuchutama. Mbwa wetu alilivamia, akalikamata kwa meno, wakavutana ua mzima, mmoja akinguruma na mwingine akicheka, na mara nyingine sikujua nani alikuwa nani. Tangu tulipomzika mama, hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee niliyomsikia baba akicheka. Nilijua hilo. Naliandika mapema ili nisije nikajitetea baadaye.

Kwetu mbwa alikuwa wa kulinda, si wa kuchezewa. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alichungulia juu ya uzio.

"Yewe mzee, umekosa wajukuu mpaka unacheza na mbwa?"

"Wajukuu nitawatoa wapi? Binti yangu ameolewa na vitabu!"

Wote wawili walicheka. Mimi niliona aibu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule iliishia darasa la nane, nikawa najifundisha kwa chochote chenye maandishi, hata karatasi za kufungia karanga, ambazo nilizinyoosha kwa pasi ya mkaa. Siku moja nilipata ukurasa wa jarida la Kifaransa kuhusu mbwa. Mbwa anayemrukia bwana wake, ulisema, hamheshimu. Akikurukia mgeuzie mgongo. Akikaa mpe kitu. Asiondoke mpaka apewe ruhusa. Chini kabisa paliandikwa kwamba somo linaendelea, lakini mwendelezo ulikuwa umeondoka na karanga za mtu mwingine. Sikuutafuta. Nusu niliyokuwa nayo niliifundisha bila kosa.

Kwa wiki tatu, baba akiwa sokoni, nilijifunika gunia kuukuu. Mbwa akiruka, mgongo. Akikaa, kipande cha kiazi kitamu. Akitikisika kidogo tu, tulianza upya. Sikumpiga hata mara moja, na nilijisifu kwa hilo.

Jioni ya mtihani baba alichutama chini ya gunia lake. Mbwa hakuja.

"Yuko wapi?" aliuliza kutoka humo ndani. "Amekufa?"

"Yupo, baba. Tazama alivyokaa."

Akainua pindo la gunia. Mbwa alikuwa amekaa kando ya mlango, mwili wote ukimtetemeka, macho yakiwa kwangu.

"Mbona anakutazama wewe?"

"Anasubiri ruhusa."

Baba alilikunja gunia mara mbili, polepole, kama nguo ya kanisani. "Umemfundisha vizuri, mwanangu," alisema, akaenda kunawa miguu. Nakiri kwamba usiku ule niliudhika kwa sababu hakunisifu zaidi.

Ilinichukua siku kadhaa kuona. Gunia likawa linatundikwa msumarini mara tu baba anapoingia. Akala kimya. Jirani akaacha kuchungulia, kwa kuwa hapakuwa na cha kuchungulia. Nilijaribu kulifuta somo langu. Nilimwambia mbwa, "Mrukie! Mrukie baba!" Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo alivyozidi kukaa wima, akidhani amekosea.

Jumapili moja baada ya misa, baba alilichukua gunia mwenyewe, akasimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Mwalimu, naomba ruhusa nicheze na mbwa wangu."

Nilitoa neno la ruhusa. Mbwa akainuka, akashika ncha ya gunia, akavuta mara mbili kwa adabu, akaliachia. Kisha akarudi kukaa miguuni pangu, akisubiri kiazi.

Baba alicheka kwa nguvu, hata akajipiga paja. Lakini kicheko chake nilikijua. Hiki alikicheka ili mimi nisilie.