Kikombe Alichonitengea Mama Mkwe

Admin, ficha jina langu kabisa. Niko na miaka 34, naishi Kitengela na bwanangu na msichana wetu wa miaka sita. Mwaka jana nilipatikana na kansa ya njia ya uzazi. Matibabu nimemaliza, sasa naenda kliniki tu.

Mama mkwe alitoka Kakamega akasema amekuja kunisaidia. Kusaidia gani! Alichukua rangi ya kucha, akapaka doa nyekundu chini ya kikombe moja. "Hii ndio yako, usichanganye na za watu." Kwa jikoni yangu! Akahamisha mtoto kwa kitanda yake. Majirani akawaambia hii ni ugonjwa ya wanawake wametembea sana. Haki ya Mungu, sijawahi jua mwanaume mwingine ila mtoto wake. Nikimlilia bwanangu ananiambia, "Vumilia, ni mama."

Nikavumilia, mpaka siku msichana wangu alikataa chapati nimemkatia. "Kukhu amesema nikikula chakula yako nitaoza tumbo." Kukhu ni huyo nyanyake.

Siku hiyo sikulia. Nilifuta hiyo doa kwa kikombe yangu, nikapaka kikombe ingine. Vikombe zetu zote zinafanana, na chai naweka mimi. Tangu hiyo siku mama mkwe anakunywa na kikombe yangu. Naonja kwanza huko jikoni, halafu namjazia hiyo hiyo. Eti chai ya Kitengela imemnonesha! Daktari alishaniambia kansa haiambukizani, kwa hivyo sijamdhuru. Lakini woi, vile nasikianga raha akiomba aongezwe!

Sasa Jumapili ameita kina mama wa fellowship waniombee. Anataka nipige magoti nitaje hao wanaume. Halafu Jumatatu anaenda Kakamega na mtoto wangu, na bwanangu amekubali.

Nataka wakishakunywa chai nisimame niwaambie huyu mama mkwe amekuwa akikunywa na kikombe gani miezi hii yote, na bado ako mzima kama ng'ombe. Nataka nione hiyo sura. Shida ni bwanangu. Nikimwaibisha mamake mbele ya watu, anaweza nifukuza na mtoto aende kabisa. Nikinyamaza, mtoto ataenda akijua mimi ni sumu.

Jana nimempea maji. Akainua kikombe kwanza, akaangalia chini kama iko na doa, ndio akakunywa.

Nishaurini, nifanye nini? Lakini mjue maziwa ya Jumapili nimeshaagiza.